Mgeni, Mlowezi, Mwenyeji: Makazi ya Ugenini katika Tawasifu ya Tippu Tip Yakisomwa kutoka Sikonge

Ikisiri

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, imesomwa zaidi kama chanzo cha historia ya biashara ya misafara kuliko kama simulizi ya watu waliohamia ugenini na kujijengea makazi huko. Makala haya yanaisoma kwa mkabala huo wa pili. Yanachunguza jinsi simulizi inavyowavusha wahusika wake kutoka katika ugeni hadi katika uenyeji kwa kutumia lugha ya ukoo. Yanadai kwamba uvushaji huo unawezekana kwa sababu neno mwenyeji hubeba maana zaidi ya moja, na kwamba gharama yake huonekana vizuri zaidi msomaji anapoitazama Tabora kutoka kusini, upande wa Sikonge, walikoelekea baadhi ya waliopoteza nafasi yao Unyanyembe. Mwishoni, tawasifu inalinganishwa kwa ufupi na riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Peponi.

1. Utangulizi

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaliandikwa naye mwenyewe kwa Kiswahili baada ya kurejea Unguja kutoka bara. Heinrich Brode aliyatoa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. W. H. Whiteley aliyatoa tena, safari hii pamoja na tafsiri ya Kiingereza, katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959. Mwaka 1974 François Bontinck alitoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi ya kihistoria. Historia hii ya uchapishaji inaeleza kwa sehemu namna kazi yenyewe ilivyosomwa. Kila toleo lilikuja na mfasiri aliyetaka kujua njia zilipita wapi, nani alipigana na nani, na pembe za ndovu zilinunuliwa kwa thamani gani. Msomaji wa fasihi alifika baadaye, naye akakuta maswali yamekwisha kuwekwa.

Yapo maswali mengine. Baba yake msimulizi, Muhammed bin Juma, alikuwa mtu wa pwani aliyeishi miaka mingi Unyanyembe, akalima huko, akaoa huko. Yeye na wenzake hawakuwa wapita njia. Walikuwa watu walioingia katika mtaa mpya katika nchi isiyo yao, wakalazimika kuzoea majirani, mamlaka, chakula na desturi za hapo. Kwa maana hiyo, tawasifu ya Tippu Tip ni miongoni mwa matini za mwanzo za nathari ya Kiswahili zinazoonyesha maisha ya ugenini. Swali la makala haya ni hili: simulizi hii inamfanyaje mgeni kuwa mwenyeji, na ni nani anayeondoka katika uenyeji ili nafasi hiyo ipatikane?

Swali hili si la kihistoria tu. Matini hii hufundishwa vyuoni kama mfano wa tawasifu ya awali ya Kiswahili, na jinsi inavyofundishwa huamua ni nani wanafunzi watamwona kama mwenye mji na ni nani watamwona kama kikwazo cha njiani.

2. Msamiati wa makazi

Kabla ya kuingia katika matini, ni vyema kuutazama msamiati ambao Kiswahili kinampa mtu anayetaka kusimulia habari za kuhamia mahali. Maneno matatu yanahusika zaidi: mgeni, mlowezi na mwenyeji.

Mgeni ni mtu aliyefika mahali pasipo kwao. Methali zinamtazama kwa macho mawili. Mgeni njoo, mwenyeji apone inamfanya kuwa baraka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe inamwekea muda, baada yake ugeni hugeuka kazi. Mgeni ni kuku mweupe inaongeza jambo la tatu, kwamba mgeni huonekana. Kwa pamoja methali hizi zinaeleza ugeni kama hali ya mpito ambayo haipaswi kudumu.

Ugeni ukidumu, lugha ina kitenzi cha kuueleza: kulowea, yaani kukaa ugenini moja kwa moja bila kurudi. Anayelowea ni mlowezi. Katika matumizi ya leo, hususani katika vitabu vya historia vya shule, neno hili limebanwa likawahusu zaidi wakulima wa Kizungu wa enzi za ukoloni. Ni nadra kumkuta mfanyabiashara wa pwani aliyekaa Tabora miaka 20 akiitwa mlowezi, ingawa kwa maana ya kitenzi chenyewe ndivyo alivyokuwa. Mbano huu wa maana si kosa la kileksika. Ni ushahidi wa namna historia inavyogawa lawama kupitia maneno.

Neno la tatu ndilo zito kuliko yote. Mwenyeji ni mzaliwa wa mahali. Ni yule anayempokea mgeni. Tena ni mtu anayepafahamu mahali kwa kupazoea. Maana hizi tatu hukaa pamoja katika mazungumzo ya kila siku bila tatizo, kwa kuwa mara nyingi mzaliwa ndiye mpokeaji, naye ndiye ajuaye njia. Tatizo hutokea zinapoachana. Mtu aliyelowea anaweza kuwa mwenyeji kwa maana ya tatu kwa sababu amezoea, kisha akawa mwenyeji kwa maana ya pili kwa sababu sasa yeye ndiye anayepokea wageni wapya kutoka pwani. Kutoka hapo hadi kudai maana ya kwanza ni hatua fupi, na lugha haimzuii kuipiga.

Jambo la kimofolojia linaongeza uzito wa hoja hii. Neno ugenini lina kiambishi cha mahali, kwa hiyo hali ya mtu imegeuzwa kuwa sehemu ya kukaa. Kinyume chake katika matumizi ya kawaida si *uenyejini, bali nyumbani au kwetu. Kwa Kiswahili, basi, mtu hatoki ugenini kwa kupewa uenyeji na wengine. Hutoka kwa kuweza kusema kwetu. Simulizi ya makazi ni simulizi ya kuipata haki ya kimilikishi hicho.

3. Ndoa, shamba na nyumba

Tawasifu inaipata haki hiyo kwanza kwa njia ya ndoa. Muhammed bin Juma alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Msimulizi anaieleza ndoa hiyo kama msingi wa heshima kubwa aliyokuwa nayo baba yake mbele ya watu wa Unyanyembe. Kisimulizi, ndoa hiyo inafanya kazi mbili. Inamwondoa baba katika kundi la wafanyabiashara wanaokaa kwa idhini ya mtemi na kumweka ndani ya ukoo wa mtemi. Aidha, inampa mwana, ambaye mama yake ni mwingine, njia ya kuitaja Unyanyembe kama mahali penye jamaa zake.

Pamoja na ndoa kuna tembe na shamba. Tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, ni ujenzi wa bara ambao watu wa pwani waliuchukua na kuupanua. Tembe la Kwihara, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, ni mfano unaojulikana wa makazi ya namna hiyo pembezoni mwa Tabora. Mgeni wa pwani aliishi katika nyumba ya umbo la bara na kutumia maneno ya bara. Kiswahili chenyewe kilirudi pwani kikiwa na mzigo: mtemi na ikulu ni maneno ya Kinyamwezi ambayo leo hakuna Mtanzania anayeyahesabu kuwa mageni. Kwa upande wa lugha, uenyeji ulikuwa wa kupeana.

Hata hivyo, katika tawasifu kupeana huku hakuonekani sana. Mtaa, kwa maana ya majirani wanaoonana kila siku, haumo. Hatusikii nani aliishi jirani na Muhammed bin Juma, nani alilima mashamba yake, nani alimfundisha msimu wa mvua wa Unyanyembe, wala Karunde mwenyewe alisema nini. Huenda ikajibiwa kwamba mfanyabiashara hana sababu ya kuandika mambo madogo. Jibu hilo halitoshi. Msimulizi huyu ni mwepesi wa kukumbuka bidhaa, bei, madeni na mikopo aliyochukua kwa tajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan. Anapotaka, huhesabu hadi frasila. Ukimya wake kuhusu majirani ni uteuzi wa kisimulizi. Jamaa wanahitajika katika simulizi kwa sababu wanatoa haki. Majirani hawahitajiki kwa sababu wanaweza kuidai.

Kwamba ukoo ni nyenzo ya kusimulia, na si ukweli wa damu tu, kunathibitishwa na tukio la baadaye, mbali na Unyanyembe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Huko Utetera, Tippu Tip anajitambulisha kwa mtawala Kasongo Rushie kuwa mjukuu wa mmoja wa dada zake wawili waliotekwa zamani, na kwa utambulisho huo anakabidhiwa utawala. Linaloshangaza ni uwazi wa msimulizi. Msomaji anapewa habari ya kutekwa kwa dada hao na habari ya madai ya ujukuu, anaachwa azilinganishe, wala hakuna pahali anapoombwa aamini. Tukio hili linatupa ufunguo wa kurudi nao Tabora. Katika Utetera nasaba inasimuliwa, katika Unyanyembe ndoa inafungwa, lakini katika sehemu zote mbili mgeni huingia mjini kupitia mlango wa ukoo, na akishaingia hukaa upande wa mwenye mlango.

4. Mnwa Sele: mwenyeji anapogeuzwa mgeni

Fundikira alifariki mwaka 1858. Aliyerithi kiti chake, Mnwa Sele, alitaka bidhaa za wafanyabiashara wa pwani zitozwe ushuru. Kwa kipimo cha njia ya misafara hilo halikuwa ajabu. Kutoka Ugogo hadi ziwani misafara ililipa hongo. Ajabu, machoni pa watu wa Tabora, ilikuwa kuwatoza wao, ambao walikwisha kujiona si wapita njia. Mgogoro huo ulikuwa, kwa kweli, mgogoro juu ya maana ya neno: je, mtu wa pwani aliyejenga, akalima na kuoa Unyanyembe ni mgeni anayelipa au ni mwenyeji asiyelipa? Mtemi alijibu kwa maana ya kwanza ya neno mwenyeji, wafanyabiashara wakajibu kwa maana ya tatu.

Jibu la wafanyabiashara lilikuwa na bunduki. Mnwa Sele aliondolewa, Mkasiwa akawekwa mahali pake, na mtemi aliyeondolewa akapigana akiwa nje ya mji wake hadi alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1861, Speke, aliyekuwa njiani kuelekea kaskazini, alijaribu bila mafanikio kuwapatanisha. Katika tawasifu, vita hivi vinaelezwa kutoka upande wa nyumba ya Muhammed bin Juma, na Mnwa Sele anatokea kama mtu aliyevuruga amani iliyokuwapo. Msomaji asipokuwa mwangalifu, atasahau jambo moja ambalo simulizi yenyewe imempa kurasa chache tu kabla: kwa ndoa ya Karunde, anayefukuzwa ni mtu wa ukoo wa wakwe. Ukoo uliotumika kumwingiza mgeni haukuweza kumlinda mwenyeji.

Hapa ndipo kitenzi kulowea kinapohitajika, na ndipo kinapokosekana katika usomaji uliozoeleka. Simulizi inamtoa mhusika katika ugeni na kumtua katika uenyeji bila kumpitisha katika ulowezi, hali ambayo ingemlazimu kueleza kwa haki gani amebaki. Mhakiki akilirudisha neno hilo mahali pake, hamtukani Muhammed bin Juma wala hamlinganishi na mkulima wa Kizungu wa karne iliyofuata. Anachofanya ni kuirudisha hatua iliyorukwa.

5. Kutazama kutoka Sikonge

Usomaji wa tawasifu hufuata mwelekeo wa misafara: mashariki kwenda magharibi, pwani kwenda ziwani, Tabora ikiwa kituo cha katikati. Sikonge, iliyoko takribani kilometa 70 kusini mwa Tabora, haipo katika mstari huo mkuu. Iko upande wa miombo na nyuki, kwenye njia ya kwenda Ukimbu, Ugalla na Mpanda. Msomaji anayesimama hapo anaona Tabora kwa namna nyingine: haoni mji unaopokea watu kutoka mashariki, bali mji unaotoa watu kuelekea kusini.

Miongoni mwa waliotoka alikuwemo Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, ambaye baada ya kushindwa kwa upande wa Mnwa Sele alijiundia nguvu mpya katika Ukimbu, nchi ambayo sehemu yake leo imo katika Wilaya ya Sikonge. Akiwa na kikosi cha ruga-ruga aliziunganisha nchi ndogo ndogo za Wakimbu chini ya mamlaka moja, akaweka watwale wake juu ya watemi wa hapo, akabana njia za misafara. Alifariki mwaka 1884, mwaka uleule aliofariki Mirambo, naye akarithiwa na binti yake, Mgalula. Utafiti wa Aylward Shorter kuhusu Wakimbu umeieleza historia hii kwa kirefu.

Nyungu hapaswi kugeuzwa shujaa wa waliodhulumiwa. Kwa Wakimbu alikuwa mgeni, wala hakusubiri siku ya tatu apewe jembe. Alifanya Ukimbu jambo linalofanana na lile lililofanywa Unyanyembe: alifika, akakaa, akasema kwetu, akaweka watu wake. Hata hivyo, kulinganisha huku ndiko kunakouonyesha ubaguzi wa simulizi tuliyozoea kuisoma. Mtu wa pwani aliyelowea Tabora anakumbukwa kama mwanzilishi wa mji. Mtu wa Unyanyembe aliyelowea Ukimbu anakumbukwa kama kiongozi wa ruga-ruga. Tendo linafanana, lakini mmoja aliacha tawasifu katika Kiswahili na mwingine hakuacha.

Hii ndiyo maana ya kuisoma kazi kutoka Sikonge. Sio kuihukumu kwa yale isiyoyasema. Ni kuuliza simulizi ya makazi inamwacha nani nje ya mlango, kisha kufuata nyayo zake hadi mahali ambapo yeye naye anakuwa mgeni wa mtu mwingine.

6. Peponi na neno la ukoo

Riwaya ya Gurnah, Paradise (1994), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, inarudi katika njia hizohizo za misafara, katika miaka ya mwisho ya biashara hiyo. Inarudi ikiwa imegeuza nafasi ya msimulizi. Anayefuatwa si tajiri bali ni Yusuf, mtoto aliyetolewa na wazazi wake kufidia deni. Makazi yake mapya, kwanza dukani pwani, kisha katika nyumba ya Hamid Suleiman huko bara, hayamfikishi katika uenyeji. Kila mlango anaoingia ni wa mtu mwingine.

Riwaya inaanza na neno la ukoo. Yusuf anamjua tajiri Aziz kama mjomba au ami, hadi Khalil, kijana aliyemtangulia katika rehani, anapomkanya: huyo si jamaa yako, ni bwana wako. Kwa mfasiri wa Kiswahili neno hilo lina ugumu wa pekee. Kiingereza kina neno moja ambalo halisemi kama udugu unatoka upande wa mama au wa baba. Kiswahili kinalazimisha uteuzi. Lolote litakaloteuliwa litatamka undugu kwa usahihi zaidi kuliko matini chanzi, na hivyo kuufanya uongo wake kuwa mkubwa zaidi. Hapa tafsiri haipotezi kitu, inazidisha. Neno la ukoo lililomfungulia Muhammed bin Juma mlango wa Unyanyembe ndilo linalofunika deni la Yusuf.

Tofauti ya pili inamhusu mwenyeji. Katika sura ya msafara wa Marungu, mtawala Chatu anazuia bidhaa za Aziz na kueleza sababu: wafanyabiashara waliotangulia walimdhulumu. Tuna haja ya kumwamini au kutomwamini, lakini tumemsikia. Mnwa Sele wa tawasifu hakupewa nafasi ya aina hiyo. Riwaya inafanya jambo ambalo tawasifu, kwa jinsi ilivyo, haikuweza kulifanya: inamweka mwenye nchi katika nafasi ya kuuliza, na mgeni katika nafasi ya kujibu.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tawasifu ya Tippu Tip inaweza kusomwa kama simulizi ya makazi ya ugenini, na kwamba katika usomaji huo nguvu yake na upofu wake vina chanzo kimoja, yaani lugha ya ukoo. Ukoo unamwezesha mgeni kusema kwetu. Ukoo huohuo unamwezesha msimulizi kunyamaza juu ya majirani. Neno mwenyeji, kwa wingi wa maana zake, linaficha mshono. Neno mlowezi, likirudishwa katika upana wake wa zamani, linaufunua.

Suala hili halijafungwa na karne ya 19. Mkoa wa Tabora ndimo yalimo makazi ya Ulyankulu, yaliyowapokea Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972. Zaidi ya 160,000 kati ya Warundi wa mwaka huo, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014, baada ya miaka 40 ya kulima, kuzaa na kuzika hapo. Sheria iliwapa neno raia. Ikiwa majirani watawapa neno mwenyeji, na kwa maana ipi kati ya zile tatu, ni jambo ambalo cheti hakiwezi kuliamua. Huko Sikonge, wafugaji na wakulima waliofika kutoka Usukuma wanakutana na swali hilohilo katika umbo jingine, maana wao wamo ndani ya nchi yao wenyewe na bado wanaulizwa kwao ni wapi.

Kwa mwalimu wa fasihi, pendekezo linalotokana na uchambuzi huu ni dogo na linatekelezeka. Tawasifu ya Tippu Tip iendelee kufundishwa, lakini isifundishwe peke yake, wala isifundishwe kwa mwelekeo wa msafara tu. Isomwe sambamba na historia ya Ukimbu na sambamba na Peponi. Na mwanafunzi, kila anapomkuta mtu amejenga nyumba katika ukurasa, aulize uwanja ulikuwa wa nani, na huyo mwenye uwanja akahamia wapi.